Vijidudu vya Samadi Vina Masharti Yake

Mwenyeji wa Ukara hahitaji kufundishwa thamani ya samadi. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo wamekiandika kisiwa hicho kwa mshangao: ng'ombe wanafungwa ndani na kulishwa majani, mavi yao yanahifadhiwa mpaka msimu wa kulima, na mimea ya jamii ya marejea inapandwa kati ya uwele ili kurudisha rutuba. Hayo yalitokana na akili ya wakulima wenyewe, kwa kuwa ardhi ni ndogo na watu ni wengi.

Shida iliyobaki visiwani ni kuni. Miti ni michache, na apikaye chakula huigombania na akaushaye samaki kwa moshi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shabaha ni njema. Lakini mtungi wa gesi hauna budi kuvuka ziwa kwa nauli, hali samadi imo zizini.

Gesi ya samadi si ngeni nchini. SIDO ilianza kujenga mitambo yake mwaka 1975, na CAMARTEC ikaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1980. Hata hivyo, iko mitambo iliyokufa ingali na kuta imara. Sababu mojawapo ni kwamba aliyekabidhiwa hakuambiwa ya kuwa amekabidhiwa mifugo ya pili, isiyoonekana kwa macho.

Mifugo hiyo ni vijidudu. Kundi la kwanza huozesha samadi, likaacha asidi na gesi ya haidrojeni. Kundi la pili huichukua haidrojeni hiyo na kuiunganisha na kaboni dayoksaidi, ikapatikana methani, gesi iwakayo jikoni. Methani nyingine hutokana na asidi zenyewe. Haidrojeni si rahisi kuamshwa, kwani chembe zake mbili zimeshikana barabara. Vijidudu huzitenganisha kwa kimeng'enya kiitwacho haidrojenasi, jina kilichopewa na Marjory Stephenson na Leonard Stickland huko Cambridge mwaka 1931.

Moyoni mwa kimeng'enya hicho mna chuma, na mara nyingi nikeli pia. Hapo ndipo penye nguvu yake, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Oksijeni ikifika penye madini hayo kazi husimama, na aina nyingine huharibika kabisa. Kaboni monoksaidi nayo huzuia vingi vya vimeng'enya hivyo kwa kung'ang'ania chuma chao, kama inavyong'ang'ania chuma kilichomo katika damu ya mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani. Haidrojeni isipochukuliwa hulundikana, asidi hazivunjwi, mtambo huchacha na moto hufifia.

Kwa hiyo masharti ni machache lakini hayana msamaha. Hewa isiingie. Samadi ya wiki nzima isimwagwe siku moja, bali ilishwe kidogo kidogo kila siku, ikiwa imechanganywa na maji. Dawa za kuulia vijidudu, maji ya sabuni, dawa ya kuogeshea mifugo na mavi ya ng'ombe aliyepewa antibiotiki vyote viwekwe mbali na mtambo.

Twajua hofu ya mkulima wa visiwani: je, gesi haitamwibia mbolea ya shamba lake? Haitamwibia. Kinachokwenda jikoni ni kaboni na haidrojeni. Naitrojeni ihitajiwayo na mimea hubaki katika tope litokalo upande wa pili. Tope hilo lipelekwe shambani kama samadi ilivyopelekwa na wazee.

Wakuu wa serikali twawaambia jambo moja. Msihesabu mitambo siku ya kukata utepe. Ihesabuni baada ya miaka mitatu, ile inayowaka. Fedha za ujenzi ziambatane na fedha za afisa ugani kurudi kisiwani mara kwa mara. Hapa Nyegezi kipo chuo cha uvuvi, na Ukiriguru kipo kituo cha utafiti wa kilimo. Mahali kama hapo pajengwe mtambo wa mfano, ili wananchi waone kwa macho unavyolishwa, unavyougua na unavyoponywa.

Ndugu zetu wa visiwani wamekwisha kuonyesha kwa vizazi vingi ya kuwa wanajua kutunza kilicho hai. Waelezwe tu kwamba ndani ya shimo lile nako kuna uhai, nao watautunza.