Barua ya Wazi kwa Postamasta Mkuu: Stempu Zetu Katika Maduka ya Ugenini

Mheshimiwa Postamasta Mkuu,
Shirika la Posta Tanzania,
Dar es Salaam.

Naomba idhini nikuletee hadharani shauri ambalo kwa wengi huenda likaonekana hafifu, walakini kwetu sisi tukusanyao stempu katika bonde la Kilombero ni jambo la heshima ya nchi, kwa kuwa stempu ni hati ya dola kabla ya kuwa pambo la albamu.

Mkazi wa Ifakara atakaye twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922, au stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza mwaka 1935, aghalabu hana budi kuzitafuta katika maduka ya mtandaoni ya Ulaya na Marekani, na huko ndiko ghashi inakomngoja. Mimi nilitamani stempu ya mwaka 1976 yenye picha ya Reli ya Tanzania na Zambia, reli ileile ambayo treni zake hupita hapa kwetu zikielekea Mlimba na Makambako. Bei yake haikufika ya kilo moja ya mchele, ila gharama ya kuisafirisha iliizidi mara nyingi. Mwuzaji hakukubali malipo isipokuwa kwa kadi ya benki, nikamwomba mpwa wangu aliyeko Morogoro anilipie kwa yake. Na bahasha ilipowasili katikati ya masika, stempu iliyonadiwa kuwa safi ilikuwa imechanika pembeni, na gundi yake imegandamana na karatasi nyepesi iliyofungiwa. Nilipodai haki yangu nilijibiwa kwamba muda wa kurudisha bidhaa umepita, nao ulipita bahasha ingali safarini.

Hasara ya fedha husahaulika. Linaloniudhi zaidi ni maelezo ya uongo juu ya mali yetu. Stempu nyingi za Tanzania za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990 zilikusudiwa soko la wakusanyaji wa nje, baadhi zikiwa na sura za waimbaji wa Marekani kama Elvis Presley, na nyingi zilipigwa muhuri kwa wingi bila kubandikwa kwenye barua, hata leo gundi yake ni kamili mgongoni. Wauzaji wengi huzitangaza kuwa zimetumika, kana kwamba zilibeba salamu za mtu kutoka Mahenge hadi Tanga, na mnunuzi mchanga husadiki. Mbaya kuliko hizo ni stempu bandia zichapwazo na matapeli kwa majina ya mataifa, mengi yao ya Afrika, ambazo Umoja wa Posta Duniani wenye makao yake Bern umezionya nchi wanachama juu yake mara kwa mara. Tangu mwaka 2002 Umoja huo una daftari mtandaoni ambamo stempu halali za nchi zinazoshiriki hupewa nambari. Lakini daftari hilo halirudi nyuma ya mwaka huo, na ni huko nyuma ndiko hadaa hii ya mihuri ilikojaa.

Kwa hiyo ushahidi wa stempu za zamani hauna budi kutoka kwako. Naomba Shirika lichapishe, kwa Kiswahili na wazi kwa kila mtu, orodha yenye picha ya kila stempu iliyotolewa kwa jina la Tanzania tangu Muungano wa mwaka 1964, pamoja na tarehe, thamani na mchapaji wake, na ibainishe bila kificho zipi ziliuzwa kaunta kwa wananchi na zipi ziliishia kwa mawakala wa ng'ambo. Najua kukiri hayo si kwepesi kwa taasisi yoyote, lakini mkusanyaji aliyeko Malinyi au Mang'ula akiwa na orodha hiyo katika simu yake, mwuzaji wa mbali hatamghilibu.

Naomba tena karani wa posta ya Ifakara apewe mamlaka ya kupokea oda za stempu mpya na bahasha za siku ya kwanza, malipo yafanywe kwa simu, na stempu zifungwe katika mfuko usiopenyeza maji. Jibu lako nalo, Mheshimiwa, nakusihi ulitoe hadharani kama ilivyotolewa barua hii.

Wako mtiifu,
Mkusanyaji stempu, Ifakara.