AFYA YA JAMII: Tezi ya Kifuani mwa Mtoto

Yeyote aliyewahi kuchinja ndama au mwanambuzi katika mashamba ya Unguja ameiona nyama laini, nyeupe kidogo, iliyolala juu ya moyo na kupanda hadi chini ya koo. Kwa mnyama mzee nyama hiyo hunywea ikageuka mafuta. Nasi wanadamu tunayo. Wataalamu huiita tezi ya thaimasi: kwa mtoto mchanga ina uzito wa gramu 15 hivi, hukua mpaka wakati wa kubaleghe, kisha hurudi nyuma.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuitazama kwa hadubini alikuwa daktari Mwingereza, Arthur Hill Hassall, ambaye kitabu chake juu ya maumbile ya mwili kilikamilika mwaka 1849, Seyyid Said bin Sultan akiwa bado anatawala hapa Unguja. Hassall aliona chembe nyingi mno, ndogo na za mviringo, zimesongamana. Na kati yake viduara vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka mfano wa kitunguu kilichokatwa. Viduara hivyo vinaitwa kwa jina lake hata leo. (Bwana huyu alipata sifa zaidi alipoigeuzia hadubini yake kahawa na pilipili za maduka ya London, akawafichua waliokuwa wakizighushi. Wenzao hawajesha duniani.)

Alichokiona alikieleza vyema. Lakini kazi ya tezi hiyo haikufahamika kwa zaidi ya miaka 100, na hapo ndipo watoto walipodhurika. Madaktari wa Ulaya na Marekani, walipopasua maiti za watoto waliokufa ghafla usingizini, walikuta thaimasi kubwa, wakadhani ndiyo iliyowasonga. Kuanzia mwaka 1907 watoto wachanga wakachomwa vifuani kwa mionzi ya eksirei ili tezi ipungue. Kumbe haikuwa kubwa hata kidogo. Maiti zilizotumika kujifunzia zilikuwa za mafukara waliokufa kwa njaa na maradhi ya muda mrefu, na thaimasi hunywea kwa dhiki hizo. Mwili wa maskini ulifanywa kipimo cha uzima! Mwaka 1950 ikaanza kuripotiwa Marekani saratani ya tezi ya koo kwa vijana waliochomwa utotoni.

Mwaka 1961, Jacques Miller, akiwa London, aliwatoa thaimasi panya wachanga; wakashindwa kujikinga na maradhi. Ndipo ikajulikana kwamba chembe nyeupe za damu huingia humo kufunzwa. Zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe huangamizwa humohumo, na wanaohitimu ni wachache. Mpimaji wa malaria katika hospitali ya Mnazi Mmoja huziona chembe nyeupe kila siku, ila kwa hadubini ya kawaida hawezi kuitofautisha iliyopita thaimasi na isiyopita.

Kwa wazazi, jambo zito ni hili. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema akalelewa kwa uji mwepesi wa muhogo hukonda mashavu tukaona. Thaimasi nayo hukonda, wala hatuioni. Huko Bolivia, katika miaka ya 1990, madaktari waliwapima watoto wenye utapiamlo mkali waliokuwa wakitibiwa. Uzito ulirudi kwa kiasi cha mwezi mmoja. Thaimasi ilihitaji miezi miwili.