KIPURI KISICHO NA JINA SI TAKATAKA

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tunaiandika katika insha kila muhula, lakini tukionyeshwa koleo lenyewe limevunjika, wa kwanza kulitupa ni sisi. Nasema hivi kwa ajili ya ile amplifaya ya zamani iliyoko stoo, ambayo upande wake wa kulia ungali unatoa sauti na wa kushoto umetulia tuli kama maji mtungini. Inasemekana ati itauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, itiwe kwenye mizani na kulipiwa kwa kilo. Sababu? Ndani yake mna vipuri visivyo na majina, na kipuri kisichojulikana jina hakiwezi kununuliwa. Mimi sikubaliani na maoni hayo hata chembe, na ninaomba wasomaji wapendwa mnisikilize.

Kwanza kabisa, tujiulize ni kwa nini jina halipo. Kuna vipuri vilivyoungua. Rezista ikipata moto kupita kiasi, mistari yake ya rangi hubabuka yote ikawa nyeusi. Kuna vile ambavyo wino wake umefifia kwa joto na kwa wingi wa miaka. Kuna vingine ambavyo mtengenezaji mwenyewe alivikwangua maandishi, au akavipiga nambari ya kiwandani kwake, ili siri ya saketi yake isiibwe. Halafu kuna vyenye majina ambayo sisi tu ndio hatujui kuyasoma. Mathalani, transista nyingi za Kijapani zimeandikwa C1815 au A1015 basi, kumbe majina kamili ni 2SC1815 na 2SA1015. Ile 2S iliachwa kwa kuwa nafasi ni finyu. Anayejua hayo hutambua papo hapo kwamba herufi A na B ni za transista za aina ya PNP, na C na D ni za NPN. Je, hicho nacho ni kipuri kisicho na jina? La hasha! Ni sisi tusiokuwa na habari.

Pili, kuna wenzetu wanaosema, "Tia yoyote tu, ikikataa tutatia nyingine." Hawa nawapinga vikali kuliko hata wale wa mizani. Kubahatisha si ufundi. Ukiweka rezista ya omu 47 mahali pa omu 4,700, umepitisha mkondo wa stima ambao vipuri vya jirani haviwezi kuuhimili, na kosa la kimoja litakuwa la watano. Ukiweka transista isiyofaa kwenye sehemu ya kutolea sauti, huenda stima ikaenda moja kwa moja hadi kwenye spika na kuunguza koili yake. Hapo mambo kwisha. Haraka haraka haina baraka.

Basi tufanyeje? Jibu limo mumo humo ndani ya amplifaya. Amplifaya ya stirio ina pande mbili zilizoundwa sawasawa kama mapacha. Upande mzima ni kitabu cha majibu cha upande mbovu, na kukitazama hakuitwi wizi wa mtihani! Ikiwa rezista ya kushoto imekuwa mkaa, itafute ndugu yake wa kulia usome mistari yake. Njano ni 4, zambarau ni 7, na nyekundu ni sifuri mbili, kwa hivyo ni omu 4,700. Mstari wa dhahabu wasema huenda ikapungua au kuzidi kwa asilimia 5. Ukitaka kuipima kwa mita, inua mguu mmoja kutoka kwenye lehemu, kwa maana ikiwa imefungwa stima ya mita hupata njia nyingine za kupitia na kipimo chaweza kukudanganya.

Transista nayo hujitambulisha yenyewe. Weka mita kwenye kipimo cha dayodi. Mguu unaopitisha kwenda kwa ile miwili mingine ndio besi. Ikiwa inapitisha waya mwekundu ukiwa kwenye besi, hiyo ni NPN. Ikiwa ni waya mweusi, ni PNP. Mita ikisoma karibu volti 0.6, transista ni ya silikoni. Ikisoma karibu 0.2 au 0.3, yaelekea ni ya jerimaniamu, zile za kale zaidi.

Mtu ataniuliza, "Na kipuri kisicho na pacha je?" Swali zuri. Ukitaka kumjua mtu, waulize majirani. Tuseme ni dayodi ya zena iliyoko kwenye sehemu ya kugawa stima, na kapasita iliyofungwa sambamba nayo imeandikwa volti 16. Fundi aliyeiunda hangeweka hapo volti 30, kapasita ingepasuka. Kwa hivyo tumeshajua kwamba zena hiyo haizidi volti 16, na tunaendelea kuuliza majirani wengine hadi tufike.

Hapa ndipo penye kiini cha maoni yangu. Tunachotafuta hasa si jina, ni kazi. Ikiwa amplifaya ina volti 35 upande wa chanya na volti 35 upande wa hasi, transista za mwisho lazima zihimili zaidi ya volti 70. Ukienda kwa wauzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi ukiwa mikono mitupu, utaulizwa "Namba gani?" na utabaki umeduwaa. Lakini ukienda na karatasi inayosema ni NPN ya silikoni, inahimili volti zaidi ya 70, na inapitisha ampea kadhaa, utapewa inayofaa hata kama si ya jina lilelile.

Sisemi kila mtambo unaponyeka. Ikiwa transfoma yenyewe imeungua na hakuna ya badala, basi tuvue vipuri vizima tuage. Tena sisemi kila mwanafunzi ajitose na bisibisi. Stima yetu ni ya volti 240, na kapasita kubwa huweka stima hata baada ya plagi kung'olewa. Lazima mwalimu wa Fizikia awepo, kapasita zitolewe stima kupitia rezista, na siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza globu ya wati 60 ya aina ya zamani ifungwe kwenye njia ya stima. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, tunazima upesi kabla kipuri hakijaungua.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo mawili. Mosi, amplifaya isiuzwe kabla ya kufunguliwa na chama cha Sayansi na kupimwa upande kwa upande. Pili, pawe na daftari la stoo ambamo kila mtambo wa shule utachorwa, na majina ya vipuri vyake yanakiliwe wakati yangali yanasomeka. Yanayosomeka leo huenda yasisomeke mwakani, na watakaoumia ni wadogo zetu watakaotufuata.

Enyi wenzangu, mnaosema kila siku kwamba Fizikia ni ya kupita mtihani tu, nafasi ndiyo hii ya kuonyesha kinyume. Shime tujifunge kibwebwe! Na yeyote anayepinga maoni yangu namkaribisha kwa moyo mkunjufu, mradi aje na mita, asije na mizani.