Tusililie Hadithi za Tate, Tuwaandikie Watoto

Kila tunapokutana kuzungumzia mila, wimbo ni ule ule: « Batoto ba leo habajue tena hadithi. Telefone njo imeharibu! » Mimi ninasema hapana. Telefone imekuta nyumba wazi, na ni sisi tuliosoma tuliyoiacha wazi.

Zamani mtoto wa Walungu ao wa Kabare alisikia hadithi jioni karibu na moto, kwa Mashi, kinywani mwa tate wake. Leo mtoto wa Kadutu anaongea Kiswahili, tate amebaki kijijini, na jioni mama bado yuko njiani anatoka sokoni. Nani atamusimulia? Mapadri na watafiti walikusanya hadithi, wakazitafsiri kwa Kifaransa na kuweka maelezo chini. Kazi nzuri, lakini mtoto wa miaka 12 hakuwa kichwani mwao.

Tena, tuseme ukweli, hadithi za zamani hazijibu yote. Sungura anamushinda fisi, sawa. Lakini mtoto ambaye baba yake alienda kuchimba dhahabu Kamituga na hakurudi, atajiona wapi? Na binti aliyeachishwa masomo ili kaka yake aendelee? Katika hadithi zetu nyingi binti anangojea tu mwenye kuleta ng'ombe. Siombi tuzitupe. Ninaomba zizae.

Wengine wamefanya. Tanganyika, Shaaban Robert alichukua hadithi ya kale ya Waarabu akatoa Adili na Nduguze, 1952. Zanzibar, Muhammad Saleh Farsy aliweka desturi za kwao ndani ya Kurwa na Doto, 1960. Kenya, Ken Walibora aliwaandikia vijana Ndoto ya Amerika, 2001. Na kwetu Kongo, vitabu vidogo vya Zamenga Batukezanga, aliyekufa mwaka wa 2000, vilipendwa sana na vijana, ingawa aliandika kwa Kifaransa. Basi tusiseme Mkongomani hapendi kusoma.

Na sisi? Kitabu cha watoto juu ya Kongo kinachojulikana sana duniani ni Tintin au Congo, cha mwaka wa 1931, cha Hergé, Mbelgiji ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Tumekilalamikia, na tuna haki. Hata mahakamani Ubelgiji kilipelekwa mwaka wa 2007, kesi ikashindwa 2012. Lakini lalamiko si kitabu. Mtoto hawezi kulifungua jioni.

Hapa ndugu mmoja atanijibu: « Kiswahili yetu haiko ya kitabu. » Ninakataa. Nilipokuwa masomoni, aliyeponyokwa na neno la Kiswahili alivalishwa kipande cha ubao shingoni mpaka apate mwenzake wa kumupa. Ubao ule tuliuvua shingoni, kichwani ungaliko. Katiba ya 2006 imeweka Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha hizo zitumike kufundishia. Lakini kama hakuna kitabu cha kupendeza, mtoto atajifunza herufi tu, halafu atazisahau.

Pendekezo langu ni hili. Kijitabu kijacho cha shirika letu kisiwe tena cha wakubwa kuandikiana. Kiwe riwaya moja, kurasa 60, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Bukavu ataelewa bila kuuliza: kijana anayeenda usiku ziwani na wavuvi wa sambaza, ao binti anayeuza makala Nyawera na kuficha kaye yake chini ya gunia. Wazee watoe hadithi, walimu walio kati yetu waandike, na mbele ya kuchapa tuwasomee watoto wenyewe. Wakisinzia, tuandike upya.

Tate hakuuliza kama lugha yake ni ya kitabu. Aliona watoto wamekaa, akaanza. Watoto wangali wamekaa. Sisi tunangojea nini?