Kampuni Zimeondoka, Nyimbo ni za Nani?

Mtu akiigeuza santuri ya zamani mkononi, jambo la kwanza analoliona si jina la mwimbaji. Ni jina la kampuni, kwa herufi kubwa, na aghalabu pamoja na picha. Mwimbaji yuko chini kwa herufi ndogo, na mtunzi yumo ndani ya mabano kama mgeni aliyeambiwa angoje barazani. Mimi naona kwamba kadhia nzima ya muziki wetu na kampuni za nje imo katika mpangilio huo wa majina. Na wakati huu ambapo nyimbo zilezile zinauzwa upya kwa njia ya simu, haifai tuipite kimya.

Santuri zilizonitia fikira hizi sikuziona Mombasa wala Lamu. Niliziona Malava, katika barabara ya Kakamega kwenda Webuye, nchi ya Wakabras na mashamba ya miwa. Fundi mmoja wa redio sokoni pale analo sanduku zima. Zimo za magitaa ya Waluhya, zimo za Kikongo, na, msomaji wangu, zimo mbili za taarabu ya Mombasa. Nilipomwuliza zilifikaje, alicheka akasema, "Sheikh, kwani nyinyi watu wa pwani mlifikaje Mumias?" Sikuwa na jibu. Wafanyabiashara wetu walifika kwa Nabongo Mumia tangu karne ya 19, na si mbali sana na hapo.

Kampuni iliyofungua njia hiyo ya santuri ni Gramophone Company ya London, iliyoundwa mwaka 1898. Mwaka uliofuata iliinunua picha ya mchoraji Francis Barraud, ya mbwa aitwaye Nipper akisikiliza kwenye pembe la kinanda sauti ya bwana wake, na hapo ndipo santuri zake zilipopata jina la His Master's Voice. Basi mbwa huyo akaingia hata katika nyumba za watu wetu ambao mbwa wa kweli wasingemwacha avuke kizingiti.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu akiviuza, alisafiri na wenziwe kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa kampuni hiyo. Kufikia 1931, santuri za Kiswahili zilizouzwa Afrika Mashariki zilikadiriwa kuwa 72,000. Hiyo ni hesabu ya miaka mitatu tu, na nchi ilikuwa bado haina barabara za maana! Columbia na Odeon nazo zikaja mbio. Mwaka 1931 Gramophone Company na Columbia ziliungana, ikazaliwa EMI.

Tazama ni nani aliyepanda meli. Mwimbaji aliifuata mashine, mashine haikumfuata mwimbaji. Mwenye mashine ndiye aliyepanga bei, na desturi hiyo haikubadilika hata mashine zilipohamia Nairobi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Hapo ndipo vijana wa Magharibi walipopata zamu yao. George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gitaa kwa mtindo wa omutibo, mwenziwe akigonga chupa ya Fanta, na watu wa Malava wa umri fulani bado watakuonyesha vidole vyake vilivyokuwa vikienda. Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939, alirekodi katika studio ya Equator ya Charles Worrod jijini Nairobi, pamoja na kina Fadhili William na Nashil Pichen. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na kundi la Kiingereza, The Tremeloes, ukatolewa na CBS mwaka 1968, ukapanda hadi nafasi ya 14 Uingereza. Sauti ya Kabaka haimo katika santuri hiyo. "Malaika", aliyoirekodi Fadhili, iliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte mwaka 1965 na Boney M mwaka 1981, na mpaka leo watu wanagombana kama mtunzi ni Fadhili au ni Adam Salim wa Tanzania. Ugomvi kama huo hauzuki penye karatasi safi.

Katika miaka ya 1970 CBS, EMI na PolyGram zote zilikuwa na shughuli zao Nairobi. Bendi nyingi za Tanzania, nchi isiyokuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, zilitegemea mji huo huo. Kisha zikaja kanda. Kila duka likaweza kunakili, soko la santuri likafa, na kampuni za nje zikafunga virago. Sizilaumu kwa kuondoka, maana mfanyabiashara huondoka pasipo faida. Swali langu ni walichokwenda nacho. CBS ilinunuliwa na Sony mwaka 1988, PolyGram ikamezwa ikawa sehemu ya Universal mwaka 1998, na kampuni hiyohiyo ikaichukua sehemu kubwa ya EMI mwaka 2012. Kila mauzo yalihamisha mikataba na kanda asilia, naye mjane wa mpiga gitaa kijijini hakupigiwa hodi.

Hapa sheria ina neno ambalo wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, wimbo na rekodi ya wimbo ni mali mbili mbalimbali. Rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti yake, hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hiyo rekodi ya mwaka 1965 ulinzi wake umekwisha hapa Kenya, ilhali utunzi wa Kabaka, aliyefariki mwaka 2001, una ulinzi hadi mwisho wa 2051. Isipokuwa mtunzi awe aliuuza wimbo wenyewe kwa mkataba, na hapo ndipo wengi waliponaswa, kwa kutia sahihi karatasi ya Kiingereza na kulipwa mara moja tu.

Sisi watu wa pwani tunayo mizani ya jambo hili, nayo ni mirathi. Mtu akifariki tunaorodhesha nyumba, minazi, jahazi na hata cherehani. Sijapata kusikia familia iliyokwenda kwa Kadhi na orodha ya nyimbo. Wapo masheikh wasioridhia muziki kabisa, na hilo silo shauri la ukurasa huu. Lakini Zein l'Abdin wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016, alitolewa hata London na GlobeStyle mwaka 1990, na taarabu za Mombasa zilichapwa na Assanand katika santuri za Mzuri miaka mingi kabla ya hapo. Kila utunzi katika hizo una warithi, wawe wanajua au hawajui.

Familia inayotaka kuanza na itafute kwanza mkataba, hata nakala iliyoliwa na mchwa. Ukikosekana, waitafute santuri yenyewe, iwe Mombasa, Kakamega au popote. Lile jina dogo lililo ndani ya mabano ni ushahidi, nao umechapwa na kampuni yenyewe.