KULIPIA LUKU NA MAJI KWA FEDHA YA KUKOPA: TUSIJIFICHE NYUMA YA NENO "ADA"

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Yamenifikia maswali mawili. La kwanza ni la hapa hapa Inyonga: "Sheikh, LUKU ikiisha usiku na salio kwenye simu halitoshi, naruhusiwa kujazia kwa ule mkopo wa simu?" La pili ni la ndugu yetu aliyeko Muscat: "Nalipa umeme na maji kwa kadi ya mkopo ya benki, na narudisha fedha yote kabla riba haijaanza kuhesabiwa. Kuna ubaya?"

Maswali ni mawili, mzizi ni mmoja. Nitayajibu pamoja, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujaandika maoni.

KWANZA: KUKOPA SI HARAMU

Tusiwatishe watu bure. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alifariki hali deraya yake ya vita iko rehani kwa Yahudi, kwa ajili ya shayiri ya kulisha familia yake. Deni la mahitaji ya nyumbani, basi, si aibu wala si dhambi. Lakini Mtume huyo huyo alikuwa akimuomba Allah amkinge na deni ndani ya swala yake, akaeleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Na sisi tunajionea: simu inaita, mtu anaambiwa "mwambie sipo".

Kilichoharamishwa ni riba. Wanavyuoni wamekubaliana kwamba mkopo ukishawekewa sharti la ziada kwa mkopeshaji, ziada hiyo ni riba. Na wengi wetu tunadhani mwenye dhambi ni anayeila tu. Katika hadithi ya Jabir aliyoipokea Muslim, amelaaniwa anayeila, anayeilipa, anayeiandika na mashahidi wake wawili, na wote wamehesabiwa kuwa sawa. Kwa hiyo usiseme "mimi nalipa tu, sili".

PILI: "SHEIKH, ILE NI ADA TU"

Hapa ndipo watu wengi wanapojificha. Kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Ukitaka kujua kama ni ada ya huduma au ni riba, jiulize maswali mawili:

1. Je, inapanda kadiri kiasi nilichokopa kinavyopanda?
2. Je, inaongezeka kadiri siku zinavyopita?

Ukituma fedha au ukinunua LUKU kwa salio lako mwenyewe ukakatwa makato ya muamala, hiyo ni ujira wa kazi iliyofanyika. Haina tatizo. Lakini ukikopeshwa, kisha ukatozwa asilimia ya ulichokopa na kila kukicha ukaongezewa, unalipia nini? Kazi ilikwisha siku ile ile umeme ulipoingia. Kinachouzwa ni muda.

Wenzetu wa Kenya wana Fuliza, iliyoanza Januari 2019. Ilianza na ada ya asilimia moja, na juu yake ada ya kila siku mpaka deni liishe. Hapa kwetu zipo huduma za namna hiyo kwenye mitandao ya simu, kila moja na masharti yake. Soma masharti, kisha uyapime kwa maswali hayo mawili.

Suala hili Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliko Jeddah lililijadili katika kikao cha Riyadh, Septemba 2000. Likaamua kwamba haifai kutoa wala kutumia kadi ya mkopo isiyo na fedha nyuma yake ikiwa ina sharti la riba, hata kama mteja amenuia kulipa ndani ya muda wa bure. Likaruhusu ada maalumu inayolingana na huduma yenyewe.

Ndugu yangu wa Muscat, hilo ndilo jibu lako. Umeshatia saini kwamba ukichelewa utatoa riba. Wapo wanavyuoni wa zama hizi walioilegeza kwa anayehakika kwamba hatachelewa, nasi hatuwatukani. Lakini una njia safi mkononi: lipa kwa kadi inayotoa kwenye akaunti yako mwenyewe. Ya nini kutembea ukingoni mwa shimo?

TATU: HESABU YA CHUMBANI

"Sheikh, ni shilingi mia tu." Haya, tupige hesabu. Huu ni mfano wangu, si bei ya kampuni yoyote. Umepungukiwa 5,000. Ukakopa, ukatozwa 100 ya kuanzia na 100 kila siku. Ukakaa siku 20. Ziada ni 2,100. Kwa mteja wa daraja la D1, ambaye uniti yake ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, hizo ni zaidi ya uniti 15 zilizopotea. Na mwezi ujao unaanza na pengo, unakopa tena. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

NNE: NA WAKALA JE?

Lipo jambo la mitaani kwetu ambalo watu hawaliangalii. Wakala anakununulia umeme wa 10,000 kwa namba ya mita yako, unamlipa 11,000 mwezi ukiisha. Mnasema ni biashara. Si biashara. Aliyekuuzia umeme ni TANESCO, wakala amekulipia tu, maana yake amekukopesha 10,000 na anadai 11,000. Akitaka ujira wa kazi yake, uwe ule ule kwa anayelipa taslimu na anayekopa.

TANO: BASI TUFANYE NINI?

Kipato chetu Mlele ni cha msimu. Mahindi, karanga, asali, vyote vina wakati wake, lakini LUKU haisubiri mavuno. Kwa hiyo:

- Ukiuza mazao, tenga fedha ya umeme na maji ya miezi ijayo kabla hujagusa kingine. Ila wa D1 asinunue umeme wote kwa mkupuo, kwa sababu zikizidi uniti 75 kwa mwezi bei inaruka hadi shilingi 350 kwa uniti. Weka fedha, nunua kila mwezi.
- Kumbuka kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU. Ihesabu mapema isikushtukize.
- Ukipungukiwa, mwambie ndugu au jirani kabla ya kubonyeza simu. Kuomba mkopo mwema si fedheha.

Mwenye mgonjwa anayetegemea mashine, na kila mlango umefungwa, huyo ana hukumu ya dharura, kwa kadiri ya dharura yake. Kukosa kuangalia mpira si dharura.

Na sasa nawageukia wenye nacho. Tunasimama kwenye mimbari tunakemea riba, kisha mama mjane akija kuomba 5,000 tunamwambia "Allah atakufanyia wepesi" na tunafunga mlango. Huyo tumemsukuma wenyewe kwenye mkopo wa simu. Watu 20 wakitoa 5,000 kila mmoja, tuna 100,000 ya kukopesha bila ziada, watu kumi kwa zamu, 10,000 kila mmoja. Iandikwe na iwe na mashahidi, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Aliyekwama apewe muda, kama ilivyo katika aya ya 280. Na mwenye uwezo asicheleweshe, kwani Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha huko dhulma. Mfuko ukifa, mara nyingi wameuua wakopaji wenye fedha mfukoni.

Kila msikiti unaweza kuanza hili Ijumaa hii. Halihitaji benki wala mfadhili, linahitaji daftari na watu waaminifu.

Ewe Allah, tutosheleze kwa halali Yako tusiihitaji haramu, na utulipie madeni yetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.