Unajifunza Kuswali Ukubwani? Usione Haya, Soma Hapa



Ndugu yangu, dada yangu, leo nazungumza na wewe unayejifunza kuswali ukubwani. Labda umesilimu mwezi uliopita. Labda umezaliwa ndani ya Uislamu, jina lako ni Juma au Mwanaisha, lakini hukupelekwa madrasa, na sasa umri umekwenda, una watoto, na unaona haya kumwambia mtu kwamba Tahiyatu huijui. Ukisimama kwenye mswala moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, na Alhamdu uliyoihifadhi jana inapotea kabisa. Ukikaa kikao, vifundo vya miguu vinawaka moto. Ukinyanyuka kutoka kwenye sijda, kichwa kinazunguka. Ukitoa salamu unajiona kama mtu aliyefeli mtihani. Hapo ndipo shetani anapokuja na ushauri wake: "Subiri kwanza ujue vizuri, halafu ndiyo uanze."

Neno langu kwako ni hili: usisubiri. Anza leo na hicho ulichonacho, na uende taratibu. Na sisi tuliokutangulia msikitini, wajibu wetu ni kukupa nafasi ya kujifunza. Tukikufukuza kwa macho na ndimi zetu, dhambi hiyo ni yetu.

KWANZA: MWILI UNAOUMA

Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na ndani yake kuna sijda 34 kwa siku. Aliyeanza akiwa na miaka 7, magoti yake yalikua pamoja na swala. Wewe umekaa kwenye viti miaka 30 au 40. Vidole vyako vya miguu havijawahi kukunjwa kuelekea kibla, na vifundo vyako havijawahi kubeba uzito wa mwili ukiwa umekaa chini. Anayeshika jembe kwa mara ya kwanza hutoka malengelenge, na hakuna anayesema shamba limemkataa. Kwa hiyo usiseme swala imekukataa. Mwili unajifunza, na mwili hujifunza polepole.

Tena nikuonye jambo moja. Wapo watu, hasa huku kwetu Pwani, ambao wakikuona unatetemeka au unatoka jasho kwenye swala watakwambia haraka haraka: "Huyu ana jini, apelekwe akasomewe." Ndugu yangu, mtu yeyote anayefanya jambo jipya mbele za watu hutetemeka. Bwana harusi hutetemeka siku ya kuozeshwa, naye hana jini. Usikimbilie kwa mganga kwa sababu ya woga wa kawaida, ukapoteza pesa zako na pengine na imani yako.

Sasa tazama dini yetu inavyomhurumia mwenye mwili dhaifu. Abdullahi bin Umar, mtoto wa Sayyidna Umar, alikuwa mmoja wa Maswahaba waliofuata Sunna kwa ukaribu mno. Katika Sahihi Bukhari imepokewa kwamba mwanawe alimwona akikaa kwenye swala amekunja miguu, akamuiga. Ibn Umar akamkataza, akamweleza kwamba Sunna ni kuusimamisha mguu wa kulia na kuulaza wa kushoto. Kijana akauliza: mbona wewe unafanya hivyo? Akamjibu kwamba miguu yake haimbebi.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, Sunna inafundishwa kama ilivyo, haipunguzwi kwa sababu mwalimu ana udhuru. La pili, mwenye udhuru anautumia udhuru wake bila kuona haya, hata mbele ya mwanawe. Kama Ibn Umar alisema miguu haimbebi, wewe unamficha nani?

Naye Imran bin Huswayn alikuwa na maradhi ya bawasiri. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala yake, akaelekezwa aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, asipoweza aswali kwa ubavu. Ona vizuri: hakuambiwa aache mpaka apone. Alipewa ngazi ya kushuka kadiri uwezo unavyoshuka, na hakuna daraja yoyote katika ngazi hiyo ambayo swala inaondoka.

Kwa wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu Pwani, namna ile ya kukaa Tahiyatu ni sunna. Anayekaa kwa namna nyingine kwa sababu kifundo kinamuuma, swala yake ni sahihi. Wapo watu wameacha kuswali miaka mitano kwa sababu ya kikao, na hakuna aliyewaambia maneno haya!

PILI: MOYO UNAODUNDA

Woga wako mkubwa ni nini? Kukosea. Unaogopa kusoma vibaya, unaogopa kwenda rukuu wakati wengine wanakwenda sijda, unaogopa mtu wa pembeni akusikie.

Katika kusoma, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayeisoma Qur'an kwa kukwama kwama, na ikawa nzito kwake, ana ujira mara mbili. Hadithi hii imo ndani ya Bukhari na Muslim. Ulimi wako unaojikwaa kwenye "dhaalliin" unaandikiwa malipo ya kusoma na malipo ya tabu. Wewe unaona aibu pale ambapo malaika wanaandika thawabu.

Katika kukosea, msikilize Muawiya bin al-Hakam as-Sulami. Alikuwa mgeni katika dini. Akiwa anaswali nyuma ya Mtume (s.a.w.) mtu mmoja akapiga chafya, naye akamwombea rehema kwa sauti, katikati ya swala. Watu wakamkazia macho. Akashangaa, akasema tena, kwa nini mnanitazama? Wakaanza kupiga mapaja yao ili anyamaze. Fikiria aibu hiyo, nyuma ya Mtume! Ilipokwisha swala, Mtume hakumkemea, hakumpiga, hakumtukana. Alimwelewesha kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya swala, na kwamba swala ni kumtukuza Allah na kusoma Qur'an. Muawiya mwenyewe akasimulia baadaye kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye, kabla wala baada.

Na usiniambie umri umepita. Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi, wakikusudia kwamba wewe umeshakauka. Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, alisilimu mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, akiwa mzee kipofu, nywele na ndevu zimekuwa nyeupe kabisa. Maswahaba wengi walijifunza swala wakiwa watu wazima. Umma huu ulianza na wanafunzi wakubwa.

TATU: SISI TULIOZOEA

Sasa nawageukia wenyeji wa safu. Naamini kwamba kinachowakimbiza wengi msikitini si magoti, ni sisi. Mtu anaingia kwa mara ya kwanza, kanzu ya kuazima, hajui aweke wapi mikono. Kabla hajatoa salamu vizuri, watu watatu wamemzunguka. Mmoja anamwambia mguu wake, mwingine mikono yake, wa tatu anamuuliza mbele ya wote kama ana udhu. Wiki ijayo haonekani, na sisi tunasema hakuwa na nia.

Kuna mtu aliingia msikitini akaswali haraka haraka mbele ya Mtume (s.a.w.), kisha akaja kumsalimia. Akaitikiwa salamu, akaambiwa arudi akaswali kwa kuwa hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka mwenyewe akasema hajui bora kuliko ile, akaomba afundishwe. Ndipo akafundishwa, nguzo baada ya nguzo. Kila mara aliitikiwa salamu yake. Na aliyemsahihisha alikuwa mmoja tu, mwenye elimu, wala hawakuwa watu watatu wanaorushiana maneno.

Tena Mtume (s.a.w.) aliwahi kuswali juu ya mimbari. Alisimama na kurukuu akiwa juu, akashuka nyuma nyuma akasujudu chini, kisha akarudi juu, na akawaeleza watu kwamba amefanya hivyo ili wamfuate na waijue swala yake. Basi kumtazama anayejua ni njia ya Sunna ya kujifunza. Ewe unayeswali pembeni ya mgeni, wewe ni mimbari yake. Swali vizuri akuone. Ukitaka kumrekebisha, msubiri nje, mwite jina lake, mwambie jambo moja tu kwa siku.

Najua wapo watakaosema: "Sheikh unalegeza dini, watu wataswali ovyo." Hapana. Nguzo ni nguzo. Anayeweza kusimama hawezi kukaa katika faradhi kwa uvivu. Anayeweza kujifunza Alhamdu ni lazima ajifunze, na akizembea atakuwa na makosa. Lakini mtu aliye njiani anajifunza hahesabiwi sawa na aliyekataa kutoka nyumbani. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba mtu mmoja alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa hawezi kuhifadhi chochote katika Qur'an, akafundishwa aseme Subhanallah, Alhamdulillah, Laa ilaaha illallah, Allahu Akbar, na Laa hawla walaa quwwata illaa billah. Alipewa cha kuanzia. Sisi ni nani mpaka tumnyime mtu cha kuanzia?

NNE: FANYA HIVI

1. Punguza haraka. Yule mtu aliyerudishwa mara tatu, dawa aliyopewa ilikuwa utulivu: atulie katika rukuu, atulie katika itidali, atulie katika sijda na baina ya sijda mbili. Utulivu huo huo ni dawa ya magoti yako na moyo wako. Anayejitupa chini ndiye anayeumia, na anayekimbiza maneno ndiye anayeyasahau.

2. Ukinyanyuka kutoka sijda, nyanyuka polepole, tanguliza mikono kama msaada. Kizunguzungu kikiendelea, nenda kapime presha. Goti likivimba, nenda hospitali. Kutafuta tiba ni katika dini.

3. Weka mswala mnene au kunja blanketi chini ya magoti. Maswahaba, joto la ardhi lilipozidi, walitandika ncha ya nguo zao mahali pa kusujudia. Kujikinga na maumivu hakuondoi unyenyekevu.

4. Kama magoti hayakunji kabisa, tumia kiti, lakini simama pale unapoweza kusimama. Kwa kile usichoweza, ashiria kwa kichwa, na inamisho la sijda liwe chini kuliko la rukuu.

5. Andika Alhamdu kwa herufi kubwa, ubandike ukutani mbele yako nyumbani. Kwa Mashafi, kusoma kwa kutazama hakubatilishi swala. Kama unafuata madhehebu mengine, muulize kwanza sheikh wako, kwani Imamu Abu Hanifa hana rai hiyo.

6. Nia mahali pake ni moyoni. Ukisahau kuitamka kwa ulimi, swala yako haikuharibika. Usirudie takbira mara nne kwa wasiwasi. Sema mara moja, uingie.

7. Msikitini, simama pembeni ya mtu mtulivu na umfuate imamu. Jamaa ni pepesi kwa anayejifunza, kwa kuwa imamu amewekwa ili afuatwe.

8. Tafuta mwalimu mmoja, mwambie ukweli: "Ustadhi, sijui kuswali, nifundishe." Sentensi hiyo ni nzito kuitamka. Yule Swahaba aliyeomba kufundishwa aliisema yake, na kwa sababu yake umma mzima umejifunza utulivu wa swala mpaka leo.

Ndugu yangu, Allah ametuambia katika Kitabu chake kwamba haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Uwezo wako wa leo ni mdogo, ulete huo huo. Wa kesho utakuwa mkubwa zaidi, inshaallah. Kama adhana ya swala ijayo haijapita hapo ulipo, una muda wa kutosha kutia udhu.

Ewe Mola wetu, walainishie magoti wanaojifunza, uwatulize nyoyo zao, uzifungue ndimi zao kwa maneno yako. Na sisi tuliotangulia utupe haya ya kutowavunja moyo waja wako wanaokuja kwako. Aamiin.

Kama unamjua mtu anayeona haya kuanza, mtumie ujumbe huu faragha. Usimtaje jina kwenye maoni hapa chini.

Wabillahi tawfiq.